Maneno ya Eusebio Kinywani mwa Ocaya

Mume wangu Ocaya ana Kihispania alichokiokota Baghdad, na watu wa Nateete, mtaani kwetu hapa Kampala, hawajamaliza kumcheka. Wenzake waliokwenda ulinzi huko walirudi na televisheni na pikipiki. Yeye alirudi na lugha ambayo hapa hapati hata wa kumsalimia nayo. Alifundishwa na Eusebio, mlinzi kutoka Peru, aliyekaa naye mnara mmoja na kula naye sahani moja. Mimi ni Mnubi, binti wa Old Kampala, makelele nimezaliwa nayo, lakini sijaona watu wanaoongea kama wale wawili wanavyoongea kwenye simu.

Lugha hiyo ndiyo iliyompa kazi. Kampuni iliyompeleka Baghdad ina ofisi hapa Kampala, na wasimamizi wake wengi kule ni watu wa Peru. Wakileta maelezo yao, Ocaya huyatia katika Kiingereza. Sheria ya kazi yake ni moja: haruhusiwi kusema "yeye anasema hivi". Mwenye maneno akisema mimi, Ocaya naye anasema mimi. Mara ya kwanza nilipomwona akifanya hivyo nilimtania, "Baba Nabilah, leo umekuwa mzungu wa wapi?"

Halafu akafa Okidi. Alikuwa kijana wa Kitgum, kwa Waacholi huko kaskazini, alifunzwa ulinzi na mume wangu mwenyewe, na chakula cha kwetu alikila mara nyingi. Alikwenda Baghdad akafia huko juu ya mnara, kwa joto. Kampuni ikasema alikuwa mzembe, hakunywa maji wala hakuomba kushuka. Eusebio, ambaye sasa alikuwa amepandishwa kuwa msimamizi wake, akampigia mume wangu simu akilia: kijana aliomba kushuka, na ni yeye aliyemkatalia.

Tangu mazishi, Okidi yuko kwetu. Nasema hivyo hivyo, anayetaka kucheka na acheke. Ocaya alianza kumwekea kikombe cha maji dirishani, na kila mara tulikikuta kikavu. Nikasema ni jua. Nikakiweka kabatini mimi mwenyewe na kufunga kwa ufunguo; nilipofungua hakikuwa na tone. Siku hiyo niliweka pembeni mashuka niliyokuwa nikidarizi. Kuna nyakati namsikia akikohoa barazani, mchana kweupe, majirani wakianika nguo zao. Naogopa, na sioni aibu kusema naogopa.

Kwao Waacholi jambo hili lina jina, wanaliita cen: roho ya aliyekufa kwa kosa la mtu. Haitulii mpaka mwenye kosa, au mtu anayesimama badala yake, aseme kwa kinywa chake mbele ya wenye msiba, kisha aende nao nyumbani kwa marehemu wakasawazishe kwa fidia. Asipopatikana wa kusema, roho inakaa inakotaka. Hii ilikuwa imechagua nyumba ya mwalimu wake.

Ikapangwa Eusebio aseme kwa video mbele ya mama wa Okidi, na mume wangu atafsiri kwa Kiingereza ili wakili wa kampuni asikie. Eusebio alituma sauti yake mapema, Ocaya apate kujiandaa. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa kuwa Eusebio haongei kiofisi. Alisema "doy la cara", natoa uso wangu, sijifichi. Alisema "cargo con el muerto", maiti huyu nambeba mimi, asitupiwe mwingine. Alisema siku ile alipaswa kulowana na hakulowana. Kwao kulowana ni kuchagua upande hadharani, usibaki pembeni ukiwa mkavu.

Ocaya alizunguka nyumba nzima na maneno hayo, akitafuta Kiingereza chake. Kila alichokipata kilikuwa kimepoa.

"Latifah," aliniambia, "Kiingereza ya ofisi inaweza kuua mutu, na hakuna mwenye ameua."

Meneja wa ofisi ya kampuni akampigia simu. Alisema itatosha kutafsiri kwamba msimamizi anasikitika kwa yaliyotokea. Akaongeza kwamba mikataba ya wakalimani itapitiwa upya karibuni. Mimi sikutaka ushujaa wa mtu. Nilitaka Okidi aondoke na kazi ibaki, vyote viwili, na nilimwambia mume wangu hivyo bila kupepesa macho.

Siku ya kikao nilimsindikiza ofisini kwa kampuni. Amony, mama wa Okidi, alikuwa ameketi mbele na ndugu zake, meneja na wakili pembeni. Ni polisi mstaafu. Kiingereza anakijua, na Kiswahili cha kambini anakijua zaidi. Eusebio akatokea kwenye skrini, mzee kuliko nilivyodhani, kofia mkononi. Akasema, na mume wangu akasimama akasema kwa Kiingereza:

"Niko mbele yako na uso wangu. Mwanao aliomba kushuka, mimi nikamkatalia. Niliwaogopa wakubwa wangu, nikanyamaza. Kifo chake nakibeba mimi, asibebeshwe mtu mwingine."

Sauti ilikuwa ya mume wangu. Kikohozi kilichoikata katikati hakikuwa chake, kilikuwa kile cha barazani.

Meneja aliinama kwenye kompyuta yake, na skrini ikawa nyeusi. Akasema mtandao umekatika na shahidi hakumaliza, kwa hiyo yaliyosemwa hayana mwenyewe.

Amony alimgeukia mume wangu.

"Yule kwa TV amekwenda," alisema. "Mimi nimesikia mutu nasema ameua mutoto yangu. Nani amesema?"

Ilikuwa rahisi kujibu. Ni Eusebio, mama, mimi mkalimani tu. Ndio ukweli, kila mtu chumbani aliujua, na Amony aliujua pia. Meneja alikuwa tayari anaitikia kwa kichwa kumsaidia. Ocaya akamgeukia Amony.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nimekula na yeye sahani moja. Nasimama kwa mahali yake."

Meneja akamwambia hapo hapo asirudi tena ofisini. Amony alikuwa hamwoni hata meneja.

"Basi utakuja nyumbani Kitgum," alimwambia mume wangu. "Watu watakungoja."

Damu ilinichemka. Nilisimama kumwambia yule mama kwamba huyu hajaua mtu, kwamba ni baba wa watoto wangu, kwamba ukoo wao ukabebe maiti wao wenyewe. Amony akanitazama kabla sijafungua kinywa. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa na hasira hata kidogo.

"Wewe ni mke yake?"

Nilielewa ninachoulizwa. Nikisema ndiyo, msiba ule unaingia kwangu, mimi na wanangu, hata kama Kitgum sijawahi kukanyaga. Ocaya hakunigeukia wala hakuniomba.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Tutakuja wote."

Tulitoka wawili, wengine wote walibaki wameketi. Ocaya alifungua mlango, akaniacha nipite, naye akapita, kisha akaendelea kuushikilia wazi. Sikumuuliza anamngoja nani. Nilisogea ukutani, nikampisha mwenye kikohozi.