Upande wa Dirisha

Tusifichane: dada mkubwa alikuwa na wivu. Kati yao wawili ushonaji aliuanza yeye, tena ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushika mkasi, lakini wateja wakichungulia mlangoni wanauliza, "Yule mdogo yupo?" Hapo roho inamuuma mpaka anasahau kipimo alichotoka kuchukua.

Mama yao alipoacha kushona aliwaachia chumba cha kushonea, cherehani mbili, na sheria aliyowawekea tangu wakigombania mkate: mmoja anakata, mwenzake anachagua. Kwa hiyo walipokubaliana kutundika pazia katikati, kila mtu na kazi yake, mkubwa ndiye aliyegawa.

Aligawa kwa hila, yule dada. Alilitaka dirisha. Mwanga wote wa mchana unaangukia pale, wakati upande wa pili una giza la stoo. Basi giza akalipamba: kioo kirefu, pasi mpya, kiti cha wateja, cherehani isiyokwaruza. Dirishani akaacha meza tupu na ile cherehani kuukuu inayokohoa kila ikikanyagwa. Akapiga mstari wa chaki sakafuni.

"Haya, chagua. Mimi popote tu," akasema, macho kayakaza ukutani.

Mdogo akatazama huku, akatazama kule. "Nachukua huku kwenye kioo."

Mkubwa nusura apige kigelegele. "Tamaa hiyo! Nilijua tu kioo kitakunasa."

"Kioo? Kihamishie kwako, dada. Pasi pia. Mimi nakuachia dirisha tu."

"Kwa nini?"

Mdogo akaanza kukunja kitambaa kisichohitaji kukunjwa. "Macho yako. Tundu la sindano linakusumbua siku hizi. Zile nguo zilizokwenda kombo nilikuwa nazifumua ukishaondoka, nazishona upya."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, dada? Wewe ndiye fundi wangu."

Mwingine angemkumbatia. Yeye alisimama pale kama kamwagiwa maji, na wivu ukampanda kuliko siku zote. Wateja wamempenda huyu, sawa. Sasa hata kwa wema kamshinda!

Pazia likatundikwa. Akaketi dirishani, kwenye mwanga wote alioupigania, akalia kimyakimya, maana alitafuta sababu moja tu ya kumchukia mdogo wake na hakuipata.