Harufu ya Bure

Shangazi yangu alianza kubandika soli za viatu kabla sijazaliwa. Madirisha ya karakana anamofanya kazi na wanawake wenzake yamepigiliwa misumari, eti vumbi lisishike kwenye gundi mbichi. Wanawake walipolalamika kwamba vichwa vinawauma, bosi aliwaonyesha neno kwenye kopo la gundi: aromatiki.

"Maana yake manukato," akasema. "Wenzenu wananunua, ninyi mnanusa bure."

Manukato gani hayo? Nilimuuliza mwalimu wa kemia. Akasema katika kemia neno hilo halihusu harufu nzuri, linahusu atomi zilivyoshikana kama pete, na baadhi ya vitu hivyo ni sumu kwa anayevivuta kutwa nzima. Nilirudi nyumbani kumwambia shangazi.

Harufu ya chakula kinachoungua ilinipokea getini. Shangazi alikuwa sebuleni, hatua chache tu kutoka jikoni, amempakata mjukuu wake mchanga, pua ameizamisha utosini.

"Shangazi, sufuria inaungua."

"Kumbe? Kaizime, mwanangu." Hakuinua kichwa. "Halafu uje uniambie huyu mtoto ananukiaje."

Nilizima jiko, nikaenda kutafuta nyundo ya kung'olea misumari.