Siku Nilipowatia Furu Chumvi ya Kijiji

Kama kuna mtu kule Muleba bado ananiita Ma Chumvi, aniite tu, jina nililipata kwa mikono yangu mwenyewe na wala sikatai, ila aibu ile sitaibeba peke yangu, na walionitwisha nitawataja hapa kwa majina.

Wa kwanza ni shemeji yangu Rwegoshora wa Kanazi. Kaburi la mume wangu lilikuwa halijaota majani, yeye akanitoa kwenye kibanja, migomba na buni niliyoipalilia miaka tisa, akasema ardhi ya ukoo haikai mkononi mwa mwanamke. Nikakunja mkeka wangu nikaenda kwenye kijiji cha ujamaa upande wa Muleba, karibu na ziwa, maana nilisikia kule hata mjane anapewa kazi kwa jina lake. Kijiji kilikuwa kinachimba bwawa la samaki, mtu mmoja angepelekwa Bukoba kufundishwa, arudi awe msimamizi. Nikaapa mtu huyo atakuwa mimi.

Basi akaja Bwana Samaki, afisa wa uvuvi, kijana wa Tanga, kwa pikipiki, nyuma amefunga sanduku la kioo lililoachwa na mfanyabiashara mmoja aliyehama mjini. Akasema atakayefuga samaki humo, nyumbani kwake, mpaka mgeni wa mkoa awaone wakiwa hai, ndiye atakwenda Bukoba. Mikono miwili iliinuka, wangu na wa Byabato, shemeji yake Katibu wa kijiji. Wangu ulitangulia.

"Sasa mama," akaniambia Bwana Samaki, "samaki wa nyumbani ni wa aina mbili, wa maji baridi na wa maji chumvi. Kwetu Tanga tunaweza kufuga wa chumvi. Wewe chagua maji kufuatana na samaki wako, na usichanganye, watakufa." Akaniandikia kwenye karatasi, akawasha pikipiki, akaondoka. (Na yeye namtaja. Kwao kila mtoto anajua maneno hayo, akadhani na sisi tumezaliwa nayo.)

Karatasi niliisoma, kisomo cha watu wazima nilikuwa sikosi hata siku moja. Ila kwetu maji baridi ni maji ya mtungini, yale yanayouma meno. Nikavua furu sita, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wazuri, mmoja ana mgongo wa buluu kama sare ya shule, na nilipowavua ilikuwa saa saba mchana na maji ya ufukweni yalikuwa vuguvugu ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikaanza kuwaza, hawa sasa ni wa baridi kweli? Nikaenda kumuuliza Katibu, Ta Mutalemwa, msomi wetu.

"Ta Mutalemwa, ziwa letu ni maji baridi?"

Akanitazama, akamtazama Byabato aliyekaa pembeni yake. "Baridi? Waitu, si watoto wanaoga mle mchana kutwa! Umemwona nani anatetemeka?"

Byabato akafunika uso kwa kofia, mabega yanacheza. Nikadhani anawacheka watoto.

Kumbe! Lakini mimi hesabu yangu ilikuwa imekwisha: kama si wa baridi, basi ni wa chumvi. Na chumvi siku zile ilikuwa adimu, duka la kijiji likileta inagawanywa kwa kikombe. Nikapita nyumba kwa nyumba, konzi moja kila nyumba, nasema ni kwa ajili ya bwawa letu sote, na wakanipa, hata jirani yangu Ma Paulina aliyekuwa na konzi hiyo moja tu. Asubuhi ya mgeni nikaimwaga yote ndani ya sanduku, nikakoroga, nikavaa gauni langu la kanisani.

Furu wa buluu akaanza kuegemea upande. Nikamwambia, vumilia baba, utazoea.

Mgeni alipoingia na kijiji kizima nyuma yake, wote sita walikuwa juu, matumbo meupe. Nikatia mkono majini kwa upande wa nyuma wa sanduku, nikawa nakoroga polepole ili waonekane wanakwenda.

"Ndugu mama," akasema mgeni, "mbona hawa wanaogelea chali?"

"Wanapumzika, mheshimiwa." (Mungu anisamehe, nilisema hivyo.)

Ma Paulina akachovya kidole, akalamba. "Yesu wangu! Chumvi yangu hii!"

Hapo ndipo nyumba ilipochafuka. Wanawake wakakimbilia sufuria, wakaanza kuchota, huyu anasukuma yule, "Niachie, konzi yangu ilikuwa kubwa!", mtu mmoja akasema maji yana shombo, Ma Paulina akamjibu, "Furu si unawala? Basi huo ni mchuzi!" Mgeni aliloa mpaka soksi. Mchana huo ndizi zake zilipikwa kwa maji yale, akaongeza sahani mara mbili, na wiki iliyofuata Byabato akapanda gari kwenda Bukoba.

Katibu alipita kwangu na cheko lake. "Ma Chumvi, hukujua kuwa maji baridi ni maji yasiyo na chumvi?"

"Wewe ulijua?"

"Hukuniuliza hivyo."

Nilibeba mtungi nikashuka ziwani. Sanduku nililisugua kwa majani na mchanga mpaka likaacha kunuka, nikatia maji ya ziwa kama yalivyo, bila kuongeza kitu, na furu wengine sita. Tangu hapo nimeapa, neno la msomi silibebi kwenda nalo nyumbani kabla sijalifungua mbele yake, hata akicheka, hata wakicheka kumi.

Bwana Samaki aliporudi baada ya miezi mitatu alikuta wote sita wanazunguka, wazima. Akainama, akafurahi.

"Kumbe umeweza! Umechagua yapi mwishowe, mama, ya baridi au ya chumvi?"

"Ya ziwani," nikamwambia. "Jina lake utaniambia wewe, na leo huwashi pikipiki mpaka nimeelewa."