Shangazi na Kondo la Kwanza

Shangazi yangu alizalisha nusu ya watoto wa mtaa wetu wa Utemini, lakini mbwa alikuwa hataki hata kumsikia. Ndiyo maana mpaka leo nikiikumbuka ile alasiri nacheka peke yangu, watu wananishangaa.

Baba alikuwa haoni. Trakoma ilimla macho yote mawili kabla sijaolewa. Ila serikali ilikuwa imewafungulia watu biashara, kila mwenye chochote anauza, naye alikuwa na duka lake la vitunguu na mafuta ya alizeti sokoni. Kila asubuhi mbwa jike mwekundu alimpeleka mpaka mlangoni. Baba alipewa mbwa huyo na rafiki yake mfugaji wa Nduguti, akamfundisha mwenyewe kwa kamba na subira. Malori yalikuwa yameijaza njia ile, wenye macho yao wanaruka pembeni, lakini baba na mbwa wake wanapita. "Macho yangu," ndivyo alivyomwita.

Shangazi, dada yake mkubwa aliyekuwa akikaa nasi, alisonya kila akilisikia hilo. Kwetu mate ya mbwa ni najisi nzito, yakikugusa unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Shehe alikwisha sema mbwa wa haja kama ile hana neno, mradi asiingie ndani. Shangazi akasema shehe hafui nguo za nyumba hii.

Mwaka ule mbwa alikuwa amezeeka, miguu ya nyuma imekaza. Mimba iliyotangulia iliharibika, na hii ilikuwa ya mwisho. Baba alitaka mtoto mmoja tu, atembee ubavuni mwa mama yake ajifunze njia kabla mama hajaanguka. Akimkosa, duka basi, atakaa barazani kungoja kuletewa chai. Wala hakutuficha. "Nitaoza nimekaa," alituambia.

Siku yenyewe mbwa aligoma kwenda dukani, akaingia kibanda cha kuni akaanza kufukua. Nilifunga meza yangu ya mitumba mapema, nikaja na sweta mbili zilizokosa mnunuzi nikamtandikia. Baba alikaa kwenye kigoda, mkono juu ya tumbo la mbwa. Shangazi alisimama mlangoni, kanga puani, akaapa haingii. Lakini mkunga ni mkunga. Aliniona nikishika vibaya akavumilia, nilipokosea tena akanisukuma.

"Toka hapa, utamuua."

Wa kwanza alitoka amekufa. Kondo la nyuma likafuata, na shangazi akatangaza kazi imekwisha. Kwa binadamu, kondo likitoka unanawa unadai uji wako. Kumbe kwa mbwa kila mtoto huja na kondo lake, na hilo hakuna aliyemwambia. Akaenda kwenye pipa akaosha mara saba, akabadili nguo. Hata hajamaliza kufunga kanga, wa pili huyo! Akarudi akinung'unika. Naye amekufa. Kondo jingine. Sasa imekwisha kweli, akasema, akaosha saba nyingine, na kwa kiangazi kile kata ya kuchotea ikabaki kukwaruza pipa tupu. Baba, mkono wake bado tumboni, alimuuliza kwa upole kama haingefaa angoje kidogo. Akajibiwa kwamba mkunga hafundishwi na mwanamume.

Nilimwonea baba huruma.

Wa tatu alikuja wakati shangazi akitandika mkeka wa swala. Mama mbwa alikuwa hoi, hata kumlamba hakuweza, na kitoto kilikuwa kimetulia tuli ndani ya ngozi nyembamba kilichozaliwa nayo. Nilimwita shangazi kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Alikuja na kanga yake safi, akatazama mikono yake, akatazama upande wa pipa. Kisha akapiga magoti penye vijiti, akaipasua ile ngozi kwa vidole, akamfuta pua kwa pindo la kanga, akamsugua kwa sweta. Kitoto kimya. Akainama akampulizia puani, kwa mdomo uleule unaosoma Kurani.

"Lia," akamwambia. "Lia mwanangu, kuna mtu anakungoja."

Akalia. Baba alinyoosha viganja, shangazi akamwekea, na mzee wangu akacheka huku machozi yanamchuruzika. Nami hivyohivyo. Safari hii shangazi hakutangaza chochote. Alikaa pale chini akingoja, na baada ya huyo hakuja mwingine.

Swala ya alasiri ilikuwa inamponyoka. Alichukua ndoo akaenda mbio kwa jirani kuomba maji, nami nyuma yake na ndoo ya pili. Kanga yake ilikuwa na damu, kama walivyozoea kumwona mtaani, na wanawake waliokuwa uani wakamuuliza kwa furaha, kama siku zote, ni kwa nani na kazaliwa nani. Nikajua sasa ataona haya, atadanganya.

"Kwetu," akasema. "Yamezaliwa macho ya mdogo wangu. Haya, nipeni maji nikaswali."