Koplo wa Kizuizini

Koplo aliyelinda kizuizi cha mtaa wetu wakati wa vita alikuwa na bunduki na simu, na simu ndiyo aliyoifuta vumbi kila asubuhi, taratibu, kwa ncha ya shati, kama mtu anayempangusa mtoto kamasi. Alijipiga picha amepanda kifaru ambacho sote tulijua kilizimika chenyewe kwa kuishiwa mafuta. Mwenzake akipita mbele ya kamera alifoka, "Toka bwana, unaniharibia vita!" Sauti hiyo hatukuwahi kuisikia maduka yetu yalipokuwa yanaporwa mbele ya macho yake.

Siku tulipoamriwa kuhama, alimbeba bibi yangu kutoka mlangoni hadi barabarani huku mwenzake akimpiga picha. Bibi alikuwa na miguu yake mizima na hakuomba kubebwa. Koplo akaitazama picha, akasonya. "Umefumba macho, bibi. Rudi ndani tuanze upya." Akambeba tena. Kabla hajamaliza hatua kumi, bomu likaanguka nyuma ya shule. Alimwachia bibi chini kama gunia, akatimua mbio hata kofia asiiokote. Nilimwinua bibi, tukajikokota hadi kwenye handaki, na humo tukamkuta koplo ameshajibanza juu ya godoro lililotandikiwa watoto. Watoto walikuwa wamesimama ukutani, wakimtazama. Bibi, kiwiko kikimvuja damu, hakumtukana. Alimgusa begani.

"Sogea, baba," alimwambia. "Watoto wakae."