Dawa ya Muuza Vitabu

Muuza vitabu vikuukuu wa mtaa wa Nabi Danieli, pale Aleksandria, hamuulizi mteja anataka kitabu gani. Humuuliza ana shida gani. Ukishaitaja, hulamba kidole gumba, akapekua rundo, akakuchomolea kitabu cha mtu aliyepatwa na makubwa kuliko yako. Bi Inshirahi alipofiwa na mumewe, hata pole hakuipata. "Chukua hiki, bibie. Huyu alifiwa, nyumba ikaungua, na bado aliamka akaoka mikate. Wewe si nyumba unayo?"

Halafu dhoruba ya kipupwe ikaling'oa turubai la meza yake ya vitabu. Bi Inshirahi alimkuta ameketi juu ya kreti, analia kwa kwikwi, vitabu vimelowa, vimevimba kama mikate tanurini. Akamwekea kile kitabu mapajani. "Chukua hiki, mzee wangu. Huyu nyumba yake iliungua. Wewe si meza unayo?"

Mzee akaruka. "We mama, huna huruma? Huyo ni mtu wa kitabuni!"

"Na mimi nilikuwa wa wapi?"

Mzee akapenga kamasi.

"Pole kwa msiba, bibie," akasema, mwaka mzima umeshapita. "Vibanio vya nguo unavyo? Tuvianike hivi vitabu."