Rangi Juu ya Jina la Nasipwondi

Vibanda vyote vya mstari wetu hapa kijiji cha Raila, Kibera, vimeandikwa majina na Mzee Walubengo. Hata saiba yangu, hapa ninapouza intaneti, ni yeye, na mpaka leo hajanisamehe kwa kuchagua zambarau. Ana sheria mbili. Kabla hajakuandikia jina, anatembea mstari mzima akiuliza kama kuna mwingine analo. Na hapaki rangi juu ya jina la zamani mpaka amtafute mwenyewe amwulize. Mwaka juzi alipanda gari mpaka Kitale kuomba ruhusa ya kufuta Bora Saluni. Bora Saluni, jamani!

Kwa hivyo siku nilipomwambia majina ya mtandao nayo yana daftari, alivuta stuli karibu.

"Analiweka nani?"

"Letu, la majina yanayoishia na nukta ke, liko na ofisi hapa Nairobi. Lile daftari la juu kabisa linatunzwa na shirika moja huko Amerika."

"Basi Amerika ndiyo chifu."

"Serikali yao ilikuwa inasimamia, ikaachia 2016. Siku hizi ni mikutano. Serikali, mainjinia, watu wa biashara. Hata wewe unaweza kupanga foleni kwa maikrofoni uulize swali."

"Mimi Walubengo?"

"Wewe Walubengo, na hiyo ovaroli yako."

Alicheka mpaka akakohoa. Tangu hapo alikuja karibu kila jioni na maswali. Watu wawili wakitaka jina moja? Mtu akihama? Mtu akifa? Nilikuwa na wateja wa kuprintiwa, yeye ananiuliza habari za wafu. Nikamwambia mzee, utanifungisha biashara.

Hilo la kufa halikuwa la bure. Mkewe, Nasipwondi, alikuwa anafuma masweta ya shule, na mimi ndiye niliyemfungulia tovuti yenye jina lake. Mwenye jina nikaandika yeye, simu nikaandika yake. Alifariki miaka mitatu iliyopita, na katika zile mbio za hospitali simu ikapotea. Binti yao Valary akaendelea na masweta. Shule zinaagiza kupitia ile tovuti, kwa jina lile lile.

Basi Alhamisi moja nikapata barua pepe. Kampuni iliyotuuzia jina inafunga. Hamisheni jina lenu kabla ya kesho Ijumaa saa kumi na moja jioni, la sivyo linarudi sokoni na yeyote anaweza kulichukua. Na ili kuhamisha, namba sita za siri zitatumwa kwa simu ya mwenye jina.

Simu ya marehemu! Nilitaka kutupa kibodi. Kulikuwa na njia nyingine, cheti cha kifo na barua ya chifu, lakini hiyo ni wiki mbili. Mzee alisimama hapo mlangoni, mikono imejaa rangi, macho yamemtoka.

"Wakilichukua, watauza nini kwa jina lake?" akauliza.

"Chochote, mzee. Labda hata kamari."

Alikaa chini. Nikamwambia basi tupige ile namba, labda line ilipewa mtu mwingine.

"Atashika mwanamume," akasema polepole. Sikumwuliza amejuaje.

Nikabonyeza zile namba za siri zitumwe, nikapiga, na kweli akashika mwanamume. Na mimi, mwenye karatasi ukutani ya kuonya wateja wasimsomee mtu namba za siri, nikafungua mdomo: "Samahani kaka, kuna namba sita zimeingia kwa simu yako, hebu nisomee..."

"Wakora nyinyi!" Nilisogeza simu mbali na sikio. "Kujeni Kawangware mniibie uso kwa uso! Hapa sokoni, kwa mafundi wa masanduku! Ulizeni Musyoka!"

Akakata. Nilitukana. Mzee Walubengo akatabasamu.

"Ametuambia anakokaa," akasema.

Ijumaa asubuhi tukaenda. Musyoka tulimpata amechuchumaa kati ya masanduku ya shule, nyundo mkononi, na aliposikia sauti yangu hakuiweka chini. Mzee akamsalimia, akamwambia jina la mkewe. Basi.

"Nasipwondi," Musyoka akasema, na nyundo ikashuka. "Miaka miwili watu wananipigia wakitaka masweta. Mimi nawaambia niko na masanduku."

"Walipokupa hii namba, walikuambia ilikuwa ya nani?"

"Hapana, mzee. Nilinunua line dukani, nikaweka kwa simu."

"Hakuna aliyeniuliza mimi," Mzee akasema. Nilidhani atakasirika, lakini alikuwa anashangaa tu, anaikagua ile simu kama kibanda kilichopakwa rangi akiwa safarini. "Daftari lote hilo, na hakuna wa kuuliza?"

Nikafungua ule ukurasa kwa simu yangu. Nikaomba zile namba zitumwe tena. Simu ya Musyoka ikalia. Musyoka akazisoma moja moja, kwa sauti, na mimi nikaandika. Ukurasa ukaniuliza mwenye jina sasa atakuwa nani. Nikamtazama Mzee.

"Andika Valary." Akaonyesha kidole kwenye jina la mkewe juu ya ukurasa. "Lile la juu usiguse."

"Halifutiki, mzee. Tovuti ni Nasipwondi vile vile."

Nikabonyeza. Ikakubali. Nilitaka kulia, nikajifanya natafuta leso.

Tulikuwa tunaondoka Musyoka alipoita.

"Mzee. Kila Jumapili baada ya kanisa kuna mtu hunipigia. Nikisema halo, anakata. Si wewe?"

Mzee Walubengo aliangalia masanduku, moja baada ya lingine.

"Nilikuwa nataka tu kusikia kama bado inaita," akasema.

Musyoka akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Jumapili piga," akamwambia. "Lakini usikate."